Dada Anashinda Bichi

Kabla ya safari hii, nchi ya mbali kuliko zote niliyowahi kufika ilikuwa Bunda. Najua Bunda si nchi. Lakini kwa mtu ambaye kati ya kitanda chake na ofisi yake kuna pazia moja tu, Bunda ni mbali, na kila nikienda huko kupiga picha za harusi hubeba blanketi langu mwenyewe, maana usingizi wa ugenini haunikubali.

Studio yangu ipo Nyasho, Musoma. Napiga pasipoti saizi, picha za mahafali, watoto wa ubatizo, na wachumba wanaoingia wamenuniana na kutoka wamekumbatiana kwa sababu nimewaambia wasogee. Ukutani nimetundika kitambaa kilichochorwa bahari, minazi miwili na mchanga mweupe. Ziwa lenyewe liko hapo chini, lakini wateja wangu hawalitaki. Wanasema la kweli lina watu wanafua.

Aliyenitoa ndani ni mama. Anaishi Buswahili, wilaya ya Butiama, na siku hiyo nilikuwa nimekwenda kumsalimia. Nilimkuta uani anamenya mihogo. Hakuinua macho.

"Nimeongea na dada yako."

"Mzima?"

"Anasema anashinda bichi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Dada ndiye mkubwa wetu. Aliolewa na Mjaluo upande wa Kenya, wakakaa Migori mjini, kisha miaka michache iliyopita shemeji akarudi kwao ziwani na dada akamfuata. Habari zake zilikuwa zinapitia kwangu: watoto wazima, homa imeisha, wasalimie. Mama alipopata simu yake mwenyewe akaanza kumpigia bila mkalimani, na kila akipiga jibu lilikuwa lile lile. Asubuhi, niko bichi. Mchana, niko bichi. Jumatatu, bichi. Jumamosi, mama nitakupigia, hapa bichi kuna kelele.

Sasa lazima nieleze bichi kwetu ni kitu gani. Musoma, bichi ni mahali pa Jumapili. Kuna viti vya plastiki, muziki, sato wa kukaanga, soda kwa waliookoka na bia kwa waliobaki, na vijana wanaoogelea wamevaa kaptura zisizowatosha. Mahali ambapo mitumbwi inatia nanga na samaki wanashushwa si bichi. Pale ni mwaloni. Hakuna mtu wa Musoma anayechanganya hivyo viwili. Ukimwambia mkeo uko mwaloni atakuuliza unaleta samaki gani. Ukimwambia uko bichi atakuuliza uko na nani.

"Mke wa mtu," mama alisema, "anashindaga bichi kutwa nzima. Mume wake anaangalia tu. Watoto wanakulaga nini?"

"Labda anauza soda."

"Nilimuuliza. Nikamwambia, unafanyaga nini huko? Akasema kazi. Kazi gani inafanyikaga bichi?"

Kulikuwa na kazi moja niliyoifikiria, na mama naye alikuwa ameifikiria, na ndiyo iliyomfanya amenye muhogo mpaka ukabaki kama penseli.

"Utaenda," alisema. "Utanipigia picha anavyokaaga. Usimwambie ajipange. Kama ni hivyo ninavyowaza, nakwenda mwenyewe kumchukua. Ng'ombe zao za mahari watarudishiwa, sijali."

"Mama, si atume tu kwa simu? Nitakuonyesha kwenye yangu."

"Picha za simu zinadanganyaga. Mtoto wa jirani alituma yake, sura nyeupe kama unga, macho kama ya paka. Mama yake mpaka leo anauliza huyu ni nani. Mimi nataka picha ya karatasi."

Kwa mtu anayekula kwa picha za karatasi, ile ilikuwa sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa na mama. Nilikubali kabla woga haujafika.

Woga ulifika Bunda. Kitufe cha kamera yangu kilikuwa kinakwama, nikaipeleka kwa fundi mmoja pale mjini, mzee wa Kiislamu ambaye kofia yake ni safi kuliko shati langu lolote.

"Unakwenda nje ya nchi?" aliniuliza. "Wewe? Mama yako anajua?"

"Ndiye aliyenituma."

Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Kisha akatengeneza kile kitufe vizuri kabisa, akanitakia safari njema, na nilipokuwa natoka akaniita kunikumbusha blanketi. Njiani nikapita kwenye mitumba nikanunua kaptura ya kuogelea yenye michoro ya mananasi. Nilijiambia kwamba hata kama nakwenda kumpeleleza dada yangu, bichi ni bichi.

Pale Sirari, ofisa wa mpakani aliniuliza nakwenda kufanya nini. Nikasema kupiga picha bichi. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kamera, akasema, "Haya, mtalii," na mimi nikavimba kichwa mpaka Migori.

Nilifika kwa dada jioni, nimechoka kama niliyekuja kwa miguu. Alinikumbatia, akanilisha ugali na samaki, akacheka blanketi langu, akanipa chumba cha watoto. Sikumwambia nilichotumwa. Asubuhi nilipoamka alikuwa ameshaondoka. Nikawauliza watoto mama yao yuko wapi. Wakajibu kwa pamoja, bila aibu yoyote, "Bichi."

Basi nikajiandaa. Nilivaa mananasi yangu, nikavaa kofia pana ya jua, taulo begani, kamera shingoni, nikashuka kuelekea ziwani.

Harufu ilinipokea mapema. Halafu nikaona. Nyavu kuukuu zimetandazwa ardhini mpaka macho yanachoka, na juu yake dagaa, dagaa, dagaa, wanang'aa kama mtu aliyemwaga vipande vya kioo. Mitumbwi imepangwa kwenye matope. Wanaume wanashusha mabeseni vichwani. Korongo wakubwa wenye vipara wanatembea katikati ya watu kama wakaguzi. Wanawake wameinama, wamejifunga magunia kiunoni, wanageuza dagaa kwa mifagio. Na pembeni, bila shaka, watu wanafua.

Mimi nimesimama katikati na mananasi.

Kazi ilisimama. Nilisikia hata maji.

"Eh!" mwanamke mmoja aliita. "Mzungu wetu ameingia!"

"Umekuja kuogelea na omena?" mwingine akadakia. Omena ni dagaa, kwa jina la huko.

"Muulizeni kama anataka kiti."

Katikati ya nyavu akainuka mwanamke mwenye magamba ya samaki mpaka kwenye nyusi. Alikuwa dada.

"Mungu wangu," alisema. "Huyo ni ndugu yangu."

"Wa tumbo moja?"

"Ningekuwa na namna ya kukataa ningekataa."

Nilimsogelea, nikanong'ona, "Dada, bichi iko wapi?"

"Umeikanyaga."

"Hapa ni mwaloni."

"Huku mwalo ndio unaitwa bichi. Hii bichi, kule nyuma ya mawe bichi nyingine. Zote zina uongozi wake. Wewe ulifikiri nini?" Akanitazama tena, taratibu, nanasi moja moja. "Mama naye anafikiri nini?"

Nilimweleza. Nilijitahidi kulainisha, lakini kuna maneno hayalainiki. Kwanza alicheka, akajipiga paja, akageuka kuwaambia wenzake, halafu akaghairi. Alikaa kwenye ukingo wa mtumbwi.

"Yaani mama anafikiri mimi..."

"Hajasema."

"Lakini amefikiri." Alijifuta uso kwa mkono wa gauni, akazidi kujipaka magamba. "Naamka alfajiri kuwahi mitumbwi. Mgongo wangu huu. Halafu mama anarudisha ng'ombe."

Nikampigia mama palepale, nikamweleza kwa furaha kwamba bichi ni mwalo, ni neno tu, hakuna kibaya. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe alikubebaga mgongoni," alisema. "Utamtetea tu. Lete picha."

Kwa hiyo nikabaki, na nikaanza kupiga.

Haikuwa rahisi. Wateja wangu wa Nyasho huja wameshanyoosha nguo. Hapa kila niliyemwelekezea kamera aliweka mkono usoni.

"Usinipige na hili gunia! Ngoja niende nyumbani nikavae."

"Ukivaa sitaki."

"Hataki nikivaa! Sikieni huyu, anataka nisivae!"

Nilichekwa mpaka jua likapanda. Mwanamke mmoja mnene, mkali wa maneno kuliko wote, alinionea huruma. Aliniambia nisiwe na haraka ya kupiga, kwa sababu wao hawaendi popote. "Sisi tunakaanga tu hapa mpaka jioni," alisema.

Nikafurahi. Picha ya wanawake wanakaanga dagaa kando ya ziwa, moshi unapanda: hiyo nikaiona kichwani kabisa. Nikatafuta kivuli, nikakaa. Nikasubiri. Dagaa wakageuzwa, wakageuzwa tena. Hakuna aliyewasha moto. Mwishowe nikamfuata.

"Samahani mama, mnaanza saa ngapi kukaanga?"

"Kukaanga nini?"

"Ulisema mnakaanga mpaka jioni. Mafuta yako wapi?"

Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. Dada ndiye aliyeelewa, na alipoelewa ilibidi ashikwe asianguke kwenye dagaa. Sisi wa Mara tunasema tunakaaga. Wao wanasema tunakaanga. Mama wa watu alikuwa ananiambia wanakaa. Tangu saa ile jina langu pale bichi likawa Mafuta, na kila aliyepita aliniuliza kama sufuria imepata moto.

Lakini kucheka kulinisaidia. Mtu aliyekucheka mpaka akatokwa machozi hana nguvu tena ya kukuficha uso. Mchana ule nilipiga picha ambazo mpaka leo nikizitazama natembea kifua mbele, na mimi si mtu wa kutembea. Mvuvi aliyekesha ziwani amelala ndani ya mtumbwi, mto wake ni wavu. Mwanamke anamsuka mwenzake huku mguu wake mmoja unafukuza korongo. Sare za shule zimeanikwa kwenye makasia. Mwanaume ananyoa ndevu mbele ya kioo cha pikipiki, na mwenye pikipiki amekaa juu yake anasubiri amalize. Hakuna niliyemwambia inua kidevu. Videvu vyote vilikuwa juu tayari.

Aliyekataa ni dada.

"Mimi kesho," alisema. "Nitavaa."

"Mama alisema usijipange."

"Mama hajui navyonuka."

"Picha haina harufu."

"Ya kwako itakuwa nayo. Kesho."

Kesho yake alitoka ndani amevaa gauni la bluu la kanisani, viatu vya kisigino na wigi la Krismasi. Nikainua kamera tu, kwa sababu ni mkubwa wangu. Akajisimamisha kwenye maji, mkono mmoja kwenye mtumbwi wa watu, uso ameuelekeza mbali. Nikapiga. Akageuka, nikapiga. Akakaa kwenye jiwe, akakunja miguu, nikapiga. Wenzake walikuwa wameacha mifagio, wanampigia makofi.

Kisha nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera.

"Dada, hizi nikizifikisha Buswahili, ng'ombe zinarudi."

Alizitazama kwa muda mrefu.

"Naonekana kama namsubiri mtu," alisema.

"Unaonekana kama mtu mwenyewe ameshachelewa."

Hakucheka. Nikajutia mzaha wangu. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kumwonyesha mama, maisha yake, na hakuwa anajua ni upande gani wa maisha hayo mama angeuheshimu. Gauni lilidanganya. Magamba yalimtia aibu. Alisema basi, anakwenda kubadilisha nguo, na alikuwa ameshavua kiatu kimoja.

Hapo ndipo upepo ukageuka. Juu ya vilima kulikuwa na wingu ambalo sikuliona likija; watu wa picha hutazama mbele tu. Dada alinusa hewa mara moja. Dagaa wa siku ile walikuwa nusu wakavu, na dagaa nusu mkavu akinyeshewa huoza akabaki kuwa chakula cha kuku. Kazi ya bichi nzima ilikuwa imelala chini, wazi.

Alivua wigi akaliweka kwenye kofia yangu, nami nikiwa nimeivaa. Alipandisha gauni la kanisani, akalifunga fundo kiunoni, akarukia juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akaanza kupaza sauti. Nilizaliwa nyumba moja na mwanamke huyu na sikuwahi kuisikia sauti ile. Wewe na wewe, huo wavu, ukunjeni kutoka huku! Maturubai! Anzeni na dagaa wa mbali, wa karibu tutawawahi! Wavuvi waliokuwa wamelala wakaruka kutoka ndani ya mitumbwi. Yule wa ndevu, leo tena kwenye kioo cha pikipiki, alikimbia na povu shavu moja. Wanaume wenye mabega kama milango walikuwa wanakimbia kulia akinyoosha mkono kulia, na kushoto akiunyoosha kushoto, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Nilipiga. Kitufe cha mzee wa Bunda hakikukwama hata mara moja. Kisha macho yake yakaniangukia.

"Na wewe Mafuta! Hiyo kamera inazuia mvua? Shika turubai!"

Nikashika turubai. Upande wa pili alikuwa ameshika yule mwanamke mnene.

"Chairlady akikuita unakuja mbio," aliniambia, akihema.

"Chairlady nani?"

"Huyo dada yako. Ndiye mwenyekiti wetu wa wanawake. Tulimchagua wenyewe, na si mtu wa huku. Hajawaambia?"

"Alituambia yuko bichi."

Mvua ikashuka. Tulikaa chini ya turubai na dagaa wote wa watu, tumebanana, tumelowa migongo. Dada aliingia wa mwisho. Gauni la bluu lilikuwa rangi ya matope, nywele zake mwenyewe zimesimama, anapumua kama aliyetoka kukimbiza mwizi. Nilitaka kumwambia kitu. Nikamwambia wigi lake ni kavu.

Nyumbani nilisafisha picha, nikazipeleka Buswahili kwenye bahasha ya kaki. Mama alinawa mikono, akaikausha vizuri, akakaa. Jirani yetu, yule mwenye mtoto wa macho ya paka, alijisogeza karibu bila kuitwa. Dada alikuwa ameniapisha kwamba zile za gauni nizitangulize, nikazitanguliza.

Mama aliishika ya kwanza mbali na macho.

"Hii ni harusi ya nani?"

"Ni dada, kandokando ya ziwa."

Aliigeuza kifudifudi juu ya paja. Ya pili vilevile. Ya tatu, ile ya kwenye jiwe, aliigeuza haraka ili jirani asiione, lakini jirani alikuwa ameona na alikuwa ameshaguna. Nikamwambia mama aendelee, aendelee tu.

Akampita mvuvi aliyelala, akawapita wa kusukana. Kisha akafika kwenye mvua. Dada yuko juu ya mtumbwi, gauni limefungwa kiunoni, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, mkono umenyooka, mdomo wazi, na chini yake watu wote wanakwenda upande mmoja.

Mama aliisogeza karibu.

"Hapa anasema nini?"

"Anafokea watu. Mvua ilikuwa inakuja, dagaa zilikuwa nje."

"Na hao wanaume?"

"Wanakimbia."

"Wanakimbilia wapi?"

"Anakowaambia, mama. Ndiye mwenyekiti wao wa wanawake. Wamemchagua."

Mama alipitisha kidole juu ya wale wanaume, mmoja mmoja, kama anayehakiki kwamba kweli wanakimbia. Jirani akanyoosha mkono apewe aone. Hakupewa. Mama aliishika picha mwenyewe, akamwonyesha kwa mbali.

"Tazama na macho," alimwambia. "Huyu ndiye wangu wa Kenya. Huyu hapa juu."

Kisha akanipa simu yake nimpigie dada kwa spika, kwa sababu hakutaka kuiachia picha. Dada alipokea mlio wa kwanza. Nilimsikia anavyovuta pumzi. Alijua bahasha imefika.

"Huko mvua imenyesha leo?" mama aliuliza.

Katika kupigiana kwao kote, hilo swali halikuwahi kuulizwa.

"Hapana, mama. Jua kali."

"Na dagaa?"

"Zinakauka vizuri."

"Haya. Na hao watu wako, usiwafokee sana, wanachokaga. Ila wasiposikia mara ya kwanza, rudia."

"Wanasikiaga, mama," dada alisema, na sauti yake ilikuwa imelowa.

Mama alikata simu bila kuaga, kama ilivyo kawaida yake. Akaniuliza kama picha ile inaweza kukuzwa, iwe ya ukutani, pale ambapo mtu akiingia tu anakutana nayo. Nikamwambia inaweza. Sikumwambia kwamba nimeshaikuza, na kwamba iko dirishani Nyasho, mbele kabisa, na wateja wakiniuliza huyu mama ni nani na picha hii kapiga nani, naacha kwanza ninachofanya ndipo nawajibu.